Tone Juu ya Ukucha

Blenda ilipozimwa, Restuta alijua safari hii amepatia. Povu jeupe, zito, lilikuwa limepanda hadi kwenye mfuniko, na alipochuja kwa kitambaa, maziwa ya karanga hayakutoka majimaji kama mara mbili zilizopita. Akayachemsha haraka.

Mama mkwe wake alikuwa ameketi kwenye kigoda, amepakata kibuyu cha maziwa ya ng'ombe aliyokuja nayo kutoka Kongwa. Mjukuu wake wa miaka miwili aliyatapika kila alipoyanywa, lakini bibi alishasema kwamba mtoto wa wafugaji hakui bila maziwa, atayazoea tu.

"Karanga haina chuchu, mwanangu," alisema.

"Ng'ombe anazo, mama, na mtoto anatapika. Hebu yapime."

Maziwa yalipopoa, bibi alichovya kidole sufuriani, akadondosha tone moja juu ya ukucha wa dole gumba, kama alivyopima maziwa ya wachuuzi maisha yake yote. Maziwa yaliyotiwa maji huteleza mara moja.

Tone likatulia.

Bibi akauinamisha ukucha, akausogeza dirishani kwenye mwanga. Tone lilibaki palepale, la mviringo, linang'aa. Restuta alijikuta ameshika ubao wa meza kwa mikono miwili.

Bibi akalilamba. Akadondosha la pili, akalilamba hilo bila kulipima.

"Hiki kibuyu tutakinywa sisi," alisema, akikiweka sakafuni. "Kikombe cha mtoto kiko wapi?"