Mlango wa Nyuma wa Shimo la Panya

Siku shimo lilipochimbwa walikuwapo Fuko, Nungunungu, na Panya aliyekuwa karibu kujifungua.

"Tuanze na mlango wa nyuma," alisema Fuko, mzito wa kazi lakini mjuzi wa udongo. "Masika yakija, maji yataingia kwa mbele."

"Mlango wa kumtoroka nani?" Nungunungu alicheka. Pamoja na miiba yake, alikuwa na moyo laini. "Mwenzetu ameshikwa na uchungu, kaka, wewe unataka milango miwili! Udongo tuusukume kule nyuma. Akishajifungua tutautoa."

Fuko alimtazama Panya akihema, akakubali. Panya alijifungua mahali pakavu, juu ya majani aliyotandikiwa na Nungunungu.

Watoto walipokua, kikaongezwa chumba, kisha ghala. Kila mara udongo ulisukumwa nyuma, maana kuubeba nje kungewaamsha watoto. "Tutautoa," alisema Nungunungu, na Fuko hakubisha tena.

Masika yakaja, na maji yakaingia kwa mbele. Nungunungu aliziba mlango kwa mgongo wake, akalia, "Chimba, kaka, chimba!" Fuko alichimba, lakini lundo la nyuma walilolirundika wenyewe lilikuwa refu kuliko shimo lililobaki. Alipotoboa, walitoka wote isipokuwa kitindamimba wa Panya, aliyekuwa amekwisha kuzama.

Nungunungu alishindwa kuinua uso.

"Ulinitandikia majani," Panya alimwambia. "Hilo sijalisahau."

Shimo lao la pili lilipata mlango wa nyuma kabla ya kupata chumba.