Kiapo cha Eulalia

Serikali ya mfalme ilipokwisha, ofisa wa serikali mpya alizunguka mashamba ya mpakani. Kila mwenye ardhi alitakiwa kuitwaa upya kwa desturi ile ile ya zamani: ang'oe nyasi, arushe mawe pande nne, kisha amtakie mtawala maisha marefu. Asiyefanya hivyo, shamba lake linakwenda.

Bi Eulalia, mjane, aling'oa, akarusha. Mikono ilikwenda yenyewe, kama ya mtu anayepukuchua mahindi.

"Haya, sema, mama," ofisa akamwambia.

"Aishi mfalme."

Majirani wakainamisha vichwa.

"Mfalme hayupo tena, mama. Sema, idumu jamhuri. Ukikosea tena, naandika shamba halina mwenyewe."

"Hiyo jamhuri imeleta askari wa kutulinda na wavamizi wa ng'ambo ya mto?"

"Bado."

"Basi ni yule yule, kabadili kofia," jirani yake Kasimiro akasema, na watu wakacheka chini chini.

Eulalia hakucheka. "Idumu jamhuri," akasema, kwa sauti ile anayoitia kuku.

Ofisa akaandika. Ng'ambo ya mto vumbi lilikuwa linapanda, na hakuna aliyeuliza ni la farasi wa nani.