Pete ya Mkiani

Fumbeni macho kidogo, wanangu, mwone sanduku la kioo, na ndani yake Chatu mzee aliyefugwa na Mwanasiti tangu akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu.

Alipojivua gamba mara ya kwanza, Chatu alibakiza pete ya ngozi kuukuu kwenye ncha ya mkia. Mwili ukakua, pete haikukua.

"Ni ukumbusho," alimwambia Mjusi wa ukutani. "Ngozi hii nililala nayo kiganjani mwa Mwanasiti. Wewe unayekula gamba lako utajua nini?"

"Najua lina chumvi," Mjusi akacheka. Kisha akasogea karibu. "Lakini bibi, ncha ya mkia imeanza kuwa nyeusi! Pete inakubana."

"Mbona wako ulikatika na hukulia?"

"Wangu huota tena, bibi. Wako hauoti."

Mwanasiti alipofungua sanduku, Chatu, ambaye siku zote aliuficha mkia, akauweka mkononi mwake.

Mwanasiti hakuivuta ile ngozi. Alimlaza Chatu katika beseni la maji ya uvuguvugu, akangoja, kisha akamwacha apenye taratibu ndani ya kitambaa kibichi. Pete ikatoka yenyewe.

"Imekwenda," Chatu akanong'ona kwa huzuni. Ndipo akahisi joto alilolijua chini ya kidevu. Kilikuwa kiganja kilekile cha zamani, ila sasa kilitosha kichwa chake tu.

Nawaomba mkumbuke jambo moja: nyoka wenu akijivua gamba, mtazameni hadi ncha ya mkia.