Bangili ya Mzee Kizito

"Nimesema vua hiyo bangili unywe uji!"

"Mama, sheria ni siku saba. Leo ni ya nne."

"Sheria ndiyo iliyokuzaa?"

Frateri Deogratias alicheka, kisha akashika kifua. Alikuwa akijifunza huduma ya kiroho hospitalini, na siku hizi hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuishauri familia kuhusu kuzima mashine ya kupumulia kabla hajavaa bangili iliyomfanya ahisi maumivu ya mgonjwa juma zima. Mgonjwa wake, Mzee Kizito, hakuweza tena kusema.

Mama Skolastika aliishukuru sheria hiyo. Mumewe alipokuwa akifa, padri kijana, mzima wa afya, alimwambia tu avumilie. Lakini mwanawe kushinda na njaa, hapana. Akamvuta mkono, akaivua bangili na kuivaa mwenyewe.

Kifua kilimbana. Kisha ulimi ukakauka, ukanata kinywani.

"Deo, huyu mzee ana kiu!"

"Nilidhani ni kiu yangu, mama. Nimefunga kwa ajili yake."

"Wewe unafunga, mwenzio midomo inapasuka! Kunywa uji."

Mama Skolastika alichukua kitambaa safi na chupa ya maji, akaenda hospitali na bangili mkononi. Alipomlowesha mzee midomo, kinywa chake mwenyewe kilipoa. Akamshukuru Mungu kwa sauti, hata muuguzi akageuka.

Alipotaka kuondoka, akahisi hofu kubwa isiyo yake. Akarudisha chupa mezani, akavuta kiti na kumshika Mzee Kizito mkono.