Kila Kinachotoka Nyumbani

Asubuhi hiyo, chai ikiwa bado jikoni, Demetria alikuwa anafuta jina lake.

Alilifuta kwenye kompyuta ya nyumbani, na kila palipokuwa na "Demetria" akaweka "Revelian", jina la mumewe. Si wizi huo. Au tuseme ni wizi, ila mwizi ndiye aliyekuwa anajiibia mwenyewe.

Wote wawili walikuwa waandishi wa programu, waajiriwa wa ofisi moja ndogo kule Kawe. Programu za ofisi zilihifadhiwa kwenye mfumo wa zamani, na kila badiliko liliingia humo na jina la aliyelifanya. Ambaye jina lake halionekani mwezi mzima, kwaheri, na bima yake ya matibabu kwaheri. Bima yenyewe ilimbeba mfanyakazi peke yake; mke au mume, shauri yenu. Na Revelian alikuwa kitandani, nyumbani kwao Goba, ini limeshikwa na saratani, anaishi kwa sindano za bima hiyo.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Demetria aliijua methali hiyo vizuri, na akaficha vivyo hivyo. Ofisini alisema mumewe anafanyia kazi nyumbani, mgongo unamsumbua. Kazi zenyewe akawa anazifanya yeye.

Nyumbani walitumia Git, mfumo mwingine unaotunza kila badiliko na jina la aliyelifanya, na njia pekee ya kuvusha mabadiliko kwenda kwenye mfumo wa ofisi ilikuwa skripti, programu fupi aliyoiandika Demetria. Mwanzoni ilimtaka achague badiliko kwa badiliko: hili langu, hili la mume wangu. Lakini mtu aliyetoka kumfulia mgonjwa mashuka hachagui vizuri. Juzi alisahau, kazi ya Revelian ikavuka kwa jina la Demetria. Moyo nusura umtoke. Ndiyo maana leo anaiboresha. Kuanzia sasa kila kinachotoka nyumbani kitavuka kwa jina la Revelian, bila kuuliza. Kazi zake mwenyewe atazifanyia ofisini.

"Mama Koku," Revelian aliita kutoka chumbani, sauti inakwaruza. "Bado unahangaika na hiyo skripti?"

"Namalizia."

"Na kazi zako je, zinavuka kwa jina lako?"

"Zangu zina jina langu, Baba Koku. Hebu pumzika, we mwanaume!"

Revelian alicheka kidogo, maumivu yakamkata kicheko. Demetria akamwekea mito mgongoni, akamwachia kompyuta aangalie mpira, akaondoka kwenda Kawe.

Skripti haikumletea ishu tena. Ishu ilikuwa ile meza ya ofisini. Akikaa tu, usingizi huo! Kazi zake zikalala, zikarundikana, mpaka akaogopa hata kuzifungua. Kesho, alijiambia, na kesho nayo akasema kesho. Jioni akirudi Goba alimfanyia Revelian za kwake, kisha akaiendesha skripti, na mabadiliko yakavuka mengi mpaka mwenyewe akashangaa. Haya mengine niliyafanya saa ngapi? Uchovu huo, alijijibu. Mtu akichoka hata alichokula hakumbuki.

Revelian alizidi kukonda, kikombe kikawa hakikai mkononi. Mara nyingi Demetria alimkuta amelowa jasho, kompyuta kifuani imechemka.

"Mpira gani huo usioisha?" alimgombeza. "Daktari kasema usijichoshe!" Alimwonea huruma, na hasira juu yake.

Revelian alifariki Jumapili, watu wakiwa misa ya kwanza. Wakamsafirisha Bukoba, wakamzika migombani kwao.

Demetria aliporudi kazini, aliitwa na Faizan, mtoto wa mwenye ofisi. Faizan alimpa pole, akamvutia kiti, akashindwa kumtazama usoni.

"Dada Demetria, sijui hata nianzeje. Mwezi mzima umepita, jina lako halipo kwenye mfumo. Mzee ameshaamua."

Demetria aliitikia kwa kichwa. Alilitegemea hilo. Alichotaka ni Revelian asikose dawa, na dawa hakuikosa hadi siku ya mwisho. Roho ilimuuma, lakini hakujuta.

"Ila kuna kitu kinaninyima raha," Faizan akasema. "Marehemu alinipigia simu wiki ile ya mwisho. Alikuwa analia, dada. Akasema yeye basi tena, ila wewe nisikuguse, kwa sababu kazi zako zote zilizolala anazifanya yeye, huko huko kitandani, mchana ukiwa huku, na kila moja anaiwekea jina lako. Nimepekua mfumo mzima. Kazi nimezikuta, zimefanyika kweli. Lakini zote zina jina lake."