Barua kwa Mama Sikudhani

Kabla shule haijafunguliwa, Mwalimu Tausi aliandika barua za kuwakaribisha wazazi. Alikuwa mgeni mtaani, akitaka wampokee vizuri. Jirani alimwonyesha nyumba ya Mama Sikudhani, akamwambia pana mtoto anayeanza, basi akaandika: "Karibu, Mama Sikudhani. Tunamsubiri Sikudhani darasani kwa hamu."

Siku ya kufungua, yule mama akaja na binti mdogo, barua kaifumbata mkononi.

"Mwalimu, nani kakutuma?"

"Hakuna, mama. Nimekosea nini?"

"Anayeanza ni huyu, Chausiku. Sikudhani ni kifungua mimba wangu. Tulimzika mwaka juzi."

Tausi akakinga mkono kuiomba barua. "Nisamehe, mama yangu. Nipe niichane, nikuandikie nyingine."

"Weee, usiiguse!" Mama akaibana barua kifuani mwake. "Tangu tumzike, hakuna aliyesema anamsubiri. Hata baba yake." Akachungulia darasani. "Atakaa wapi?"

 Tausi akajikuta ananyoosha kidole kwenye dawati la dirishani.

Mama akaenda, akalifuta vumbi taratibu kwa ncha ya kanga. Chausiku akakaa, kisha, bila kuambiwa, akasogea mpaka ukingoni, akaacha nafasi ya mtu.