Glasi Moja ya Divai

Divai aliyoitengeneza marehemu Nello ilibaki glasi moja tu, na mjane wake, Fiorella, alikuwa ameikumbatia chupa kama mtoto mwenye homa. Kesho binti yao anaolewa, na kwao biskuti za harusi hukandwa kwa divai ya baba.

"Mimina, mwanangu," mama mkwe wake, mamake Nello, alisema, unga umemjaa hadi viwikoni.

"Nikimimina, mama, Nello ndo kaisha."

"Nello huyu huyu? Angeimaliza kabla hujachekecha unga!"

Fiorella akacheka bila kutaka, akamimina nusu. Unga ukagoma kushikana, ukawa unapasukapasuka mikononi mwa mama mkwe. Fiorella akamimina tena, macho kayafumba. Alipoyafumbua, tone la mwisho lilikuwa linaning'inia kwenye mdomo wa chupa, na hakuna kati yao aliyethubutu kuitikisa.